Soneti za Mapenzi za Waingereza

Soneti ni utungo wa mistari 14. Asili yake ni Italia, ambako Petrarca, aliyefariki mwaka 1374, alimsifu Laura. Wyatt na Surrey waliuleta Uingereza zama za Mfalme Henry VIII, na mwaka 1557 tungo zao zikapigwa chapa, wenyewe wakiwa wamekwisha kufa. Hata ilipofika miaka ya 1590 watungaji walikuwa wengi mno, na sifa zao zilikuwa zile zile: macho kama jua, midomo kama marijani. Nyingi za tungo hizo leo hazisomwi ila na wanachuoni.

Mbona basi za Shakespeare zingali zapendwa? Twaona sababu ni kwamba hakumdanganya mpenzi wake. Katika soneti zake 154, zilizochapwa mwaka 1609, ile ya 130 yazichukua sifa hizo na kuzikana moja moja, wala mapenzi hayapungui.

Mwaka 1640 John Benson alizichapa upya, akaziunganisha nyingine, akazitia vichwa, na mahali pachache akageuza maneno ili mwanamume aliyesifiwa adhaniwe kuwa mwanamke. Edmond Malone ndiye aliyeyarudisha maneno ya kwanza, mwaka 1780. Sisi tufundishao twakijua kishawishi cha Benson, maana ni vyepesi kumpa mwanafunzi shairi lililokwisha kusafishwa. Lakini soneti ya 116, isomwayo sana arusini, imo katika zile ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa aliandikiwa rafiki kijana, nao maharusi hawajaona haya kuisoma.