Silikanti, Kamongo na Asili ya Wanyama wa Miguu Minne: Mchango wa Ulinganishaji wa Jenomu

Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alimwona samaki asiyemfahamu miongoni mwa samaki walioletwa na meli ya uvuvi. J.L.B. Smith alimtambua kuwa silikanti, wa kundi lililodhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria. Mapezi yake manene, yenye mifupa ndani, yalifanana na miguu. Mwaka 1956 Smith alichapisha kitabu alichokiita Old Fourlegs, yaani Mzee wa Miguu Minne. Jina hilo lilibeba dai zima: kwamba silikanti ni ndugu wa karibu wa wanyama wa nchi kavu.

Dai hilo lilipingwa na waliomtetea kamongo, samaki wa matope mwenye mapafu. Mifupa na visukuku havikutosha kuamua, na tafiti za awali za DNA, zilizotumia jeni chache, zilitoa matokeo yanayokinzana.

Aprili 2013, Chris Amemiya na wenzake walichapisha jenomu ya silikanti, yenye takriban herufi bilioni 2.9. Jenomu ya kamongo ilikuwa kubwa mno kwa teknolojia ya wakati huo. Kwa hiyo walisoma RNA yake, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi. Ulinganishaji wa jeni 251 ulionesha kuwa kamongo, wala si silikanti, ndiye jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wa miguu minne. Mwaka 2021 jenomu ya kamongo wa Australia, yenye takriban herufi bilioni 43, iliunga mkono hitimisho hilo.

Hata hivyo, Smith hakukosea kabisa. Kipande cha DNA ya silikanti kilipopandikizwa katika viinitete vya panya, kiliwasha jeni katika miguu iliyokuwa ikichipuka. Sehemu ya maelekezo ya kuunda miguu, basi, ilikuwapo kabla ya miguu yenyewe.

Utafiti huohuo ulipunguza uzito wa istilahi "kisukuku hai". Jeni za protini za silikanti hubadilika polepole, lakini vipande vya DNA vinavyohamahama vimeendelea kuibadili jenomu yake. Umbo lililodumu si ushahidi wa mageuko yaliyosimama. Kwa mwanahistoria wa sayansi, kisa hiki kinaonesha kuwa mfanano wa nje ulizaa swali sahihi, ila jibu lake lilihitaji ushahidi wa aina nyingine.