Mwasho usioisha: Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua krimu nyingine

MWASHO wa ngozi hauui upesi, na pengine ndiyo sababu wengi hawauhesabu kuwa maradhi. Lakini aliyekesha miezi mitatu akijikuna, akaacha kuvaa mikono mifupi na kuanza kukwepa kusalimiana, anajua jinsi unavyomdhalilisha mtu.

Katika soko kama la Kianjai, Tigania Magharibi, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, safari ya mgonjwa wa namna hii huanza dukani kwa krimu ndogo ya bei nafuu. Vipele hupungua kwa wiki moja, kisha hurudi vikiwa vikali zaidi. Hufuata krimu ya pili, majani ya kuchemsha, sindano isiyoelezwa ni ya nini, na hatimaye huambiwa ana "aleji" au "damu chafu". Kauli zote mbili mara nyingi huficha jambo moja: chanzo hakijatafutwa.

Swali la kwanza ambalo kila mganga angepaswa kuuliza ni hili: nani mwingine nyumbani anajikuna? Ikiwa ni watu wawili au zaidi, na mwasho huzidi usiku, mtuhumiwa mkuu ni upele, ule unaoletwa na mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho ambaye jike lake huchimba ngozini na kutaga mayai humo. Tazama katikati ya vidole, viwiko vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Kwa mara ya kwanza, mwasho huchukua wiki nne hadi sita kuanza tangu mtu aambukizwe, na hapo ndipo wengi hupotea njia: hawakumbuki walilala wapi wala na nani mwezi uliopita, hivyo husema ugonjwa umezuka tu. Si ugonjwa wa wachafu. Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo mwaka 2017 liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 200 huwa nao kwa wakati wowote ule.

Tiba ipo, nayo ni losheni ya benzili benzoeti, krimu ya pemethrini au vidonge vya ivamektini, kwa kipimo cha mhudumu wa afya, maana mtoto na mama mjamzito hawatibiwi sawa na wengine. Inaposhindwa, aghalabu kosa si la dawa. Mama amepakwa, baba amekataa kwa kuwa hajikuni, na mtoto wa shule ya bweni hakuambiwa. Dawa hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, si penye vipele pekee, kwa kila mtu wa nyumba hiyo siku moja. Kisha hurudiwa kama ilivyoelekezwa. Nguo na matandiko hufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Hata baada ya wadudu kufa, mwasho waweza kuendelea kwa wiki kadhaa, jambo linalowafanya wengi kurudia dawa kupita kiasi hadi ngozi ikaungua.

Swali la pili: umekuwa ukipaka nini? Krimu nyingi za dukani zina steroidi iliyochanganywa na dawa ya kuua kuvu na ya kuua bakteria. Steroidi hutuliza mwasho huku choa kikienea chini kwa chini, kikibadili sura hata daktari asikitambue. Ikitumiwa kwa miezi, ngozi huwa nyembamba na kuchanika. Yaliyomo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi, yasome.

Kazi na makazi nayo yana ushahidi wake. Mwashi wa nyumba anayepasuka mikono huenda anadhuriwa na saruji. Anayewashwa chini ya kitovu atazame bakoli ya mshipi. Palipo na kuku wanaolala jikoni, utitiri huwauma watu pia. Na kunguni hujulikana kwa alama zinazofuatana kwa mstari. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa vipele sugu vya watu wenye virusi vya Ukimwi vilihusiana kwa kiasi kikubwa na kuumwa na wadudu. Kwa hiyo ushauri wa kupima virusi mtu anapokuwa na vipele visivyoisha si tusi.

Wapo, hata hivyo, ambao chanzo hakipatikani kweli. Mabaka yaliyovimba yanayotokea na kutoweka ndani ya saa 24, kisha kuzuka kwingine, yakidumu zaidi ya wiki sita, huitwa urtikaria sugu, na mara nyingi hata vipimo vya gharama havionyeshi kitu. Hapa lengo ni kuudhibiti ugonjwa: vidonge vya mzio visivyoleta usingizi, kama setirizini, humezwa kila siku wala si pale tu mwasho unapokuja. Ngozi kavu yenye ukurutu husaidiwa na maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, na mafuta ya mgando yanayopakwa mara tu baada ya kuoga.

Kuvimba midomo, kukosa pumzi, au homa na vidonda mdomoni baada ya kuanza dawa mpya ni dharura; usingoje asubuhi.

Kwa wengine, hospitali ya Miathene iko karibu, na kutoka huko mgonjwa aweza kutumwa hospitali ya rufaa mjini Meru. Madaktari wa ngozi ni wachache nchini, lakini wapo maafisa wa kliniki waliosomea fani hiyo, baadhi katika kituo cha Moshi, Tanzania, kilichoanza mwaka 1992. Ukienda, beba kila krimu uliyotumia hata kama imekwisha, na upige picha za mabaka kwa simu usiku yanapotoka, kwa sababu asubuhi mbele ya daktari huenda yasionekane.