Sataranji ilivyoipa kompyuta "la sivyo"

Mwandishi wa programu wa leo huandika "ikiwa hivi, fanya hili, la sivyo, fanya lile" bila hata kuwaza. Waliomtangulia mwaka 1957 hawakuwa na raha hiyo. Mwaka huo kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa FORTRAN, lugha iliyobuniwa na timu ya John Backus kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Sharti lake liliandikwa hivi:

IF (X) 10, 20, 30

Yaani X ikiwa chini ya sifuri, ruka hadi amri namba 10. Ikiwa sifuri, nenda 20. Ikizidi, nenda 30. Ukitaka kujua kama mshahara umepita kiwango fulani, utoe kwanza kimoja kwenye kingine, ndipo utazame jibu liko upande gani wa sifuri. Mashine haikulalamika. Aliyeteseka ni msomaji wa programu ndefu: kila sharti lilimrusha huku na huko, na amri namba 30 pengine iko ukurasa alioupita zamani.

Mwanasayansi wa kompyuta John McCarthy alichoshwa na hali hiyo. Kati ya 1957 na 1958, akiwa katika chuo cha MIT, alikuwa akiandika kwa FORTRAN taratibu za kutambua hatua halali za sataranji, mchezo ambao kila kete ina sheria zake. Akajitengenezea utaratibu aliouita XIF: unaupa kitu cha kupima pamoja na majibu mawili, nao unakurudishia moja. Programu zikafupika, zikasomeka. Kasoro ilikuwa moja, tena kubwa: majibu yote mawili yalikokotolewa kabla ya kuchagua, hata lile lisilotakiwa. McCarthy akaona dawa ni kupima kwanza, kisha kukokotoa upande mmoja tu.

Huo si ubahili wa muda peke yake. LISP, lugha aliyoianzisha mwaka 1958, imejengwa juu ya taratibu zinazojiita zenyewe. Zingekokotoa pande zote mbili kila mara, zisingekoma kamwe.

McCarthy alilipeleka wazo hilo pia kwa waundaji wa lugha ya ALGOL. Baada ya kikao chao cha Paris cha Januari 1960, alichohudhuria pamoja na Backus, ALGOL 60 ikatoka na "if, then, else", muundo ambao lugha za Pascal, C na Java zimeurithi. FORTRAN yenyewe iliusubiri hadi toleo la FORTRAN 77. Ile IF ya namba tatu ilifutwa rasmi katika kiwango cha Fortran 2018.