Metali Nzito: Uzito Uko Wapi?

Risasi, zebaki, kadimi na kromi zimewekwa kapu moja liitwalo metali nzito. Jina limetoka kwenye mizani: kwa kawaida metali huhesabiwa nzito ikiwa sentimita moja ya ujazo wake inazidi gramu 5. Risasi ina gramu 11.3, zebaki 13.5. Lakini dhahabu ina gramu 19.3, na watu huivaa shingoni bila kudhurika. Aseniki, ambayo si metali kamili, imetiwa kapuni hasa kwa sababu ya sumu yake. Basi uzito hautuambii sumu iko wapi, wala haumjibu mkulima swali lake la kwanza: kilichomo shambani kitapanda kwenye mchicha?

Jibu limo katika vitenzi viwili ambavyo mkulima anavyo tayari: kushika na kuachia. Udongo wa mfinyanzi hushika maji, udongo wa kichanga huyaachia. Kwa metali pia, udongo hutofautiana hivyo. Mfinyanzi na mboji vina chaji hasi inayonasa risasi na kadimi, zenye chaji chanya. Udongo ukizidi asidi, hidrojeni hutwaa nafasi hizo, na metali huingia kwenye maji yanayonyonywa na mizizi. Kadimi huachiwa upesi kuliko risasi. Ndiyo maana chokaa, kwa kupunguza asidi, husaidia kuizuia. Aseniki ina tabia nyingine: shamba likituama maji na kukosa hewa, madini ya chuma yaliyoishika huyeyuka, nayo ikawa huru.

Katika mialo ya Geita, yaani mahali ambapo wachimbaji wadogo huchenjua dhahabu, lugha ya kazi imeliona vizuri jambo hili la kushika na kuachia. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga ukaoshwa, kisha zebaki ikachanganywa nao ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki ikishaikamata dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa, na donge la kijivu linalobaki huchomwa. Mvuke wake huanguka kwenye udongo wa jirani au husafiri mbali na upepo. Mchanga uliokwisha kuoshwa hauitwi taka. Unaitwa marudio.

Neno hilo lina ukweli mwingi. Marudio bado yana dhahabu, kwa hiyo huuzwa na kuchenjuliwa upya kwa sianidi. Yana zebaki pia, na sianidi huiyeyusha pamoja na dhahabu. Zebaki iliyokuwa imetulia kwenye mchanga hupata njia ya kusafiri na maji. Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huweza kuigeuza kuwa methilizebaki, ambayo hujilimbikiza katika samaki, na samaki mkubwa anayewala wadogo hubeba nyingi zaidi. Anayesema "mabaki" anadhani kazi imekwisha. Anayesema "marudio" anajua udongo huo una safari nyingine.

Kwa hiyo natamani taarifa zetu za maabara zisiishie kwenye jumla ya metali. Miligramu 100 za risasi katika kilo moja ya udongo wenye mboji nyingi na asidi kidogo hazimkabili mkulima sawasawa na miligramu 100 katika kichanga chenye asidi. Tuandike namba mbili: metali iliyoshikwa na metali iliyo huru. Maneno hayo yataeleweka kwa bwana shamba na kwa mwenye shamba.

Ila "iliyoshikwa" isisomwe kuwa "iliyokwisha". Mtoto anayecheza mavumbini na kupeleka vidole mdomoni humeza udongo wenyewe, na asidi ya tumbo lake huweza kufungua kile ambacho mfinyanzi ulikuwa umekifunga. Mashamba na viwanja vya kuchezea vipimwe vyote, na kila kimoja kiulizwe swali lake.