Tuzo ya Nyota Chipukizi na Vijana wa Kwetu



Kila mwaka Shirikisho la Riadha Duniani hutoa tuzo kwa wanariadha waliotia fora, na miongoni mwazo imo moja iliyowekwa kwa vijana wasiotimiza miaka 20, nayo ni tuzo ya Nyota Chipukizi. Tarehe 11 Desemba 2023, huko Monaco, tuzo hiyo, ya wavulana na ya wasichana, zote mbili zilikuja Kenya. Emmanuel Wanyonyi wa Trans Nzoia, ambaye utotoni alichunga ng'ombe, alikuwa amepata medali ya fedha ya mita 800 kule Budapest. Faith Cherotich wa Kericho alikuwa amepata shaba ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Waliowachagua hawakukosea. Mwaka 2024 Wanyonyi alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Paris, na mwaka 2025 wote wawili wakawa mabingwa wa dunia mjini Tokyo.

Lakini sisi wa Kaptagat tuna neno juu ya kipimo hicho cha umri. Mkimbiaji wa mita 800 huonekana mapema. Wa marathoni huiva polepole. Eliud Kipchoge, aliyefanya mazoezi hapa kwetu miaka mingi chini ya mwalimu Patrick Sang, alikuwa na miaka 18 tu alipomshinda Hicham El Guerrouj katika mita 5000 kule Paris mwaka 2003, kwa sehemu 4 tu za mia za sekunde. Hata hivyo tuzo ya mwanariadha bora wa dunia ilimfikia mwaka 2018.

Siku ile ile ya Monaco alitajwa pia Kelvin Kiptum wa Chepkorio, jirani yetu kabisa. Alikuwa na miaka 24, basi hakuhesabiwa chipukizi. Alipewa tuzo kubwa ya wanaume wa mbio za nje ya uwanja. Nasi twauliza, ni nani aliyechipuka kuliko yeye? Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Valencia, Desemba 2022, kwa saa 2:01:53. Aprili 2023 akashinda London kwa 2:01:25. Tarehe 8 Oktoba akashinda Chicago kwa 2:00:35, na hapana aliyemtangulia kushuka chini ya 2:01 katika shindano linalotambuliwa.

Rekodi hiyo ilithibitishwa tarehe 6 Februari 2024. Usiku wa tarehe 11, miezi miwili kamili baada ya Monaco, gari lake lilipata ajali katika barabara ya hapa Kaptagat, akafariki pamoja na mwalimu wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda. Alizikwa Naiberi tarehe 23.

Hakizimana alikuwa amekwisha kueleza jinsi walivyojuana. Yapata mwaka 2009 alikuwa akifanya mazoezi karibu na shamba la babake Kiptum, na mtoto huyo, akichunga mifugo bila viatu, alikuwa akimfuata visiginoni, naye Hakizimana akimfukuza.