Herufi Moja ya Lifti

Mwaka juzi rafiki yangu wa Bariadi, mwenye jengo la ghorofa nne, alinipigia simu: "Kaka, upo Mwanza? Nitafutie mtu wa kuchonga kibao cha lifti." Kibao cha mlango wa chini kabisa kilikuwa kimeng'oka. Nikajisemea, kazi ya nusu saa hiyo. Ikala wiki tatu.

Kukata bati la stenlesi si shida. Shida ni kulifananisha na wenzake. Bati hilo lina mistari myembamba ya msasa, na ukilikata mistari ikiwa imelala wakati ya wengine imesimama, mwanga ukipiga tu unaona mgeni kaingia. Fundi wa kwanza, mzoefu wa mihuri, alichonga juu juu; rangi nyeusi ikabanduka kwa kucha. Wa pili akauliza: "Tuandike nini, G au sifuri?"

Hakuna aliyekumbuka. Kitufe cha ndani kina nyota tu.

Marekani sakafu ya chini ni 1. Waingereza huiita G, halafu 1 iko juu yake. Wajerumani wana E, na sehemu nyingine za Ulaya ni 0. Sisi tumefuata Waingereza: mtu akikwambia anaishi ghorofa ya kwanza, jiandae kupanda ngazi. Ila neno lenyewe, ghorofa, ni la Kiarabu, ghurfa, yaani chumba. Neno tulipewa na huyu, hesabu tukapewa na yule.

Lifti ya kwanza ya abiria ilifungwa New York mwaka 1857, kazi ya Elisha Otis. Kwetu, jengo linalotajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti ni Beit al-Ajaib ya Unguja, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Milango yake yenye aya za Kurani imepigwa picha mpaka basi. Vibao vya lifti yake je? Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo iliporomoka na watu wawili wakafa. Mbele ya hilo kibao si kitu, najua. Lakini mlango uliopigwa picha unaweza kuchongwa upya. Kibao ambacho hakuna aliyekitazama, utakichonga kwa kumbukumbu ya nani?

Simiyu ilikuwa mkoa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Shinyanga. Kabla ya lifti, vibao vyetu vya chuma vilikuwa kwenye mashine za pamba. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba Maswa, na Kiingereza chake chote kilikuwa kile cha kibao cha injini: jina la mtengenezaji, mji, namba. Alikighani kama shairi. Injini ilipouzwa chuma chakavu aliomba apewe kibao tu. Akaambiwa mzigo umeshapimwa kilo.

Rafiki yangu alichoka kusubiri. "Andika C, ya chini," akasema. Fundi akachonga, mistari ikiwa imesimama. Mgeni wa kwanza aliuliza kama C ni choo.