Mkumbo na Ufuasi: Historia Fupi ya Dhana Moja ya Saikolojia ya Jamii

Miongoni mwa dhana kuu za saikolojia ya jamii imo ile ya mtu kugeuza kauli au mwenendo wake ili ulingane na wa wenzake. Kwa Kiswahili dhana hiyo aghalabu hufasiriwa kuwa "kufuata mkumbo". Neno mkumbo latokana na kitenzi kumba, na ndani yake mna picha ya watu wanaosukumwa na kuchukuliwa bila ya hiari yao. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba historia ya dhana yenyewe haiafikiani na tafsiri hiyo.

Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyesomea Marekani, alieleza jaribio alilolifanya katika chumba chenye giza. Watu walionyeshwa nukta ya nuru isiyosogea. Lakini katika giza tupu jicho huiona kana kwamba yasogea. Kila mtu alipoulizwa peke yake umbali iliosogea, alitoa kadiri yake mwenyewe. Walipokusanywa pamoja, kadiri zao zilikaribiana hata zikawa kama moja. Na walipotenganishwa tena, waliendelea kuishika kadiri ya kundi. Hapa hapakuwa na aliyesukumwa. Jambo lilikuwa la mashaka, na kila mmoja aliitumia kauli ya mwenzake kuwa ushahidi.

Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw, alitaka kujua litakalotokea pasipo na mashaka yoyote. Katika majaribio yaliyotangazwa kuanzia 1951, mtu mmoja aliketi na wenzake wakilinganisha urefu wa mistari. Jibu lilikuwa dhahiri, ila wenzake walikuwa wameagizwa kwa siri kutoa jibu la uongo. Katika taarifa ya 1956 walipimwa watu 123, kila mmoja akikabiliwa na jibu la uongo mara 12. Asilimia 36.8 ya majibu ililifuata kosa la wengi. Na kiasi cha robo ya watu hao hawakulifuata hata mara moja. Tena, alipopatikana mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, makosa yalishuka yakabaki kiasi cha robo ya yale ya awali.

Basi majaribio haya mawili, ambayo mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja, yahusu mambo mawili mbalimbali. Morton Deutsch na Harold Gerard waliyapambanua mwaka 1955: mtu huweza kuwafuata wengine kwa kuwa awaona wana ujuzi, au kwa kuwa achelea kuchukiwa nao. Walipowaficha watu wasionane wala kujulikana ni nani aliyejibu, ufuasi ulipungua, wala haukutoweka.

Yafaa tukumbuke kwamba tofauti hiyo si ngeni katika Kiswahili. Asemaye "Penye wazee haliharibiki neno" ausifu ujuzi wa wengine na kuutegemea. Asemaye "Wengi wape" hasemi kwamba wengi wana haki. Asema tu kwamba kushindana nao kuna gharama. Na methali ya tatu, "Bendera hufuata upepo", yalaumu bila ya kuuliza sababu. Mkumbo ni ndugu wa methali hii ya tatu: ni neno la hukumu, si neno la uchunguzi.

Kwa hiyo twapendekeza neno ufuasi liwe jina la dhana nzima, na chini yake pawe na ufuasi wa kusadiki, aliouonyesha Sherif, na ufuasi wa kuitikia, aliouonyesha Asch, ambapo ulimi huitika ilhali moyo wakataa. Mkumbo na ubakie katika lugha ya lawama, ambako una kazi yake.

Jambo hili si la msamiati peke yake. Afuataye kwa kusadiki hurekebishwa kwa kuletewa ushahidi ulio bora. Aitikiaye kwa hofu ushahidi anao tayari, akosacho ni mwenzi mmoja wa kusema naye. Mwalimu awaitaye wote wawili wafuata mkumbo atampa kila mmoja dawa isiyokuwa yake, na mwanafunzi wake hatajua ya kuwa robo ya watu wa Asch hawakufuata kabisa.